Kipimo kinachosikia mwendo wa damu kichwani, na watoto wetu wenye SS

KINDU, Maniema. Katika makanisa yetu mengi ya Kindu, iwe Kasuku na Mikelenge au ng'ambo ya mto kule Alunguli, kuna watoto ambao kila mwalimu wa shule ya Jumapili anawajua. Macho yao yana umanjano. Walipokuwa wachanga vidole vyao vilivimba, na sasa mara kadhaa kwa mwaka hawaonekani darasani wiki nzima kwa sababu ya maumivu ya mifupa. Ugonjwa wao tunauita kwa herufi mbili: SS. Wengine husema drepanositozi, na wenzetu wa Tanzania na Kenya huuita selimundu.

Maumivu hayo tumeyazoea, na mamas wengi wanajua kuyatuliza. Jambo ambalo wengi hawajasikia ni kwamba ugonjwa huu unaweza kupiga ubongo. Mtoto wa miaka 4 au 6 anacheza uwanjani, ghafla anaanguka. Mkono wa upande mmoja hauinuki, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Hiki ni kiharusi, kile ambacho hospitalini huita AVC. Kikimpata mzee, watu husema ni presha. Kikimpata mtoto, mara nyingi watu huanza kuuliza nani amemroga, na familia hugawanyika wakati ambapo ilipaswa kuwa njiani kwenda hospitali.

Tunaandika makala hii kusema jambo moja. Kwa watoto wengi wenye SS, kiharusi huandaliwa polepole ndani ya mishipa ya kichwa kabla ya siku ya kuanguka, na maandalizi hayo yanaweza kupimwa bila sindano wala maumivu. Dawa ya kupunguza hatari hiyo ipo pia. Lakini kipimo hakiwezi kumsaidia mtoto ambaye hakuna anayejua kwamba ana SS, na hapo kanisa lina kazi.

Damu yenye umbo la mundu

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na ni laini, hupita kwa urahisi hata katika mishipa myembamba sana. Kwa mtu mwenye SS, chembe hizo zikikosa hewa ya oksijeni hukakamaa na kujikunja kama mundu wa kuvunia. Ndiyo maana ya jina selimundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo, na hapo yanatokea maumivu. Pia huvunjika mapema, na hapo unatokea upungufu wa damu na umanjano wa macho.

Mtoto huzaliwa na ugonjwa huu. Huupata kwa baba na mama kwa pamoja, wala si kwa mama peke yake kama wengine wanavyosema. Wazazi wote wawili wanapokuwa na AS, yaani wanabeba alama moja bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye SS. Katika utafiti uliofanyika Kinshasa kwa watoto wachanga zaidi ya 31,000 na kuchapishwa mwaka 2009, watoto 1.4 kati ya kila 100 walikuwa na SS, na karibu 17 kati ya 100 walikuwa na AS. Hali ya kwetu ikifanana na hiyo, basi katika kanisa lenye watu 200 wako zaidi ya 30 wanaobeba alama hiyo bila kujua, wakiwemo wachungaji, mashemasi na waimbaji wa kwaya.

Mto unapobanwa

Ili kuelewa kipimo cha kichwa, tuutazame mto wetu. Hapa Kindu Lualaba ni mpana, na mtumbwi unavuka kwa utulivu. Lakini maji hayo hayo, kabla ya kufika kwetu, yamepita karibu na Kongolo mahali panapoitwa Portes d'Enfer, ambapo miamba inaubana mto mpaka upana wake unabaki kama mita 100. Pale maji hukimbia kwa nguvu na mtumbwi haupiti. Maji hayakuongezeka, ila njia yao imekuwa nyembamba.

Mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo wa mtoto mwenye SS inaweza kubanwa vivyo hivyo. Chembe ngumu hukwaruza ukuta wa mshipa kwa ndani mwaka hata mwaka, ukuta unakuwa mnene, na njia inapungua. Damu ikifika pale hukimbia. Kuna sababu ya pili pia: damu ya mtoto huyu ni chache, kwa hiyo moyo huisukuma haraka zaidi ili ubongo upate oksijeni ya kutosha. Kwa sababu hizo mbili, damu inayokimbia kupita kiasi kichwani ni onyo. Mtoto mwenyewe hasikii chochote. Anacheza, anaimba, anakula. Lakini njia inaweza kuzibika siku yoyote, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipata damu kwa mshipa huo ikafa.

Namna kipimo kinavyofanya kazi

Mwaka 1842 mtaalamu wa Austria, Christian Doppler, alieleza jambo ambalo sisi sote tunalisikia barabarani. Pikipiki ikija kwako mlio wake unakuwa mwembamba na wa juu. Ikikupita, mlio unashuka na kuwa mnene. Dereva hakubadilisha kitu, ni mwendo tu uliobadilisha sauti inayofika sikioni. Mtu mwenye chombo kizuri angeweza kutumia badiliko hilo kuhesabu mwendo wa pikipiki.

Kipimo cha kichwa kinatumia kanuni hiyo hiyo. Kinaitwa Dopla ya kichwa. Mpimaji hupaka jeli kidogo pembeni mwa kichwa cha mtoto, mbele ya sikio na juu ya mfupa wa shavu, kwa sababu pale fuvu ni jembamba. Huweka hapo kifaa kidogo kama kalamu nene, nacho hutuma sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti inapiga chembe za damu zinazotembea ndani ya mshipa, inarudi ikiwa imebadilika, na mashini huhesabu mwendo wa damu kwa sentimita katika kila sekunde. Namba huonekana kwenye kioo, na katika spika husikika mlio wa vuu, vuu, ukifuata mapigo ya moyo.

Aliyeonyesha kwamba sauti hiyo inaweza kupita kwenye fuvu na kupima mishipa ya ndani ni Rune Aaslid, mtaalamu kutoka Norway, pamoja na wenzake mjini Bern, Uswisi, mwaka 1982. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mfupa ungeizuia.

Wazazi watatuuliza kama kuna hatari. Kipimo hiki hakitumii miale kama ile ya radiografia. Hakichomi, hakitoi damu, na mtoto halazwi usingizi. Tena ni lazima awe macho na ametulia, kwa sababu kulala au kulia hubadilisha mwendo wa damu. Hapimwi akiwa na homa, wala mara tu baada ya kuongezewa damu, maana namba itadanganya. Mama anaweza kukaa karibu na kumshika mkono.

Maana ya namba 200

Nchini Marekani, daktari Robert Adams na wenzake huko Augusta, Georgia, walipima watoto wengi wenye SS na kuwafuatilia. Waliona kwamba watoto ambao damu yao ilifikia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi katika mishipa mikubwa ya ubongo ndio waliopata kiharusi mara nyingi: karibu mtoto 1 kati ya 10 kila mwaka. Chini ya 170 ni salama zaidi. Kati ya 170 na 199 ni mahali pa kuangaliwa kwa karibu na kupimwa tena mapema.

Kisha ukafanyika utafiti mkubwa ulioitwa STOP. Watoto 130 wenye namba ya hatari waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliongezewa damu mara kwa mara, lingine likaendelea na matibabu ya kawaida. Katika kundi la matibabu ya kawaida watoto 11 walipata kiharusi. Katika kundi la damu alikuwa mmoja tu. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, ili watoto wote wapewe nafasi ya kuongezewa damu. Majibu yalichapishwa mwaka 1998. Tangu hapo, nchi zenye uwezo hupima watoto wenye SS kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16.

Tusidharau faida hiyo. Kabla ya kipimo hiki kutumika huko, karibu watoto 11 kati ya 100 wenye SS walipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Na mtoto aliyepata kiharusi mara moja, asipotibiwa, mara nyingi hupata cha pili.

Dawa inayowezekana Afrika

Hapa msomaji wa Kindu atasema: kuongezewa damu kila mwezi kwa miaka, sisi tutaiweza wapi? Ni swali la haki. Damu salama ni haba, familia hutafuta mtoaji usiku wa manane, na damu nyingi ikiingia mwilini kwa miaka huacha madini ya chuma yanayoharibu ini na moyo.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Afrika na wenzao waligeukia dawa ya kumeza inayoitwa haidroksiyurea. Mtoto akiwa tumboni ana aina ya damu ambayo haijikunji kama mundu. Ndiyo maana mtoto mwenye SS huonekana mzima katika miezi ya kwanza ya maisha yake. Baadaye damu hiyo hupungua na ugonjwa unajitokeza. Haidroksiyurea huufanya mwili uitengeneze tena kwa kiasi. Humezwa mara moja kwa siku.

Kongo yetu ilikuwa mstari wa mbele katika kazi hii. Utafiti ulioitwa REACH ulifanyika Kinshasa katika hospitali ya Monkole chini ya daktari Léon Tshilolo, pia Luanda katika Angola, Kilifi katika Kenya na Mbale katika Uganda. Watoto 606 wenye umri kati ya mwaka 1 na 10 walianza dawa. Wengine waliogopa kwamba dawa ingewadhoofisha mbele ya malaria. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kinyume: maumivu yalipungua, mahitaji ya damu yalipungua, malaria ilipungua karibu nusu, na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka.

Mjini Mwanza, Tanzania, kwenye hospitali ya Bugando ambayo ni ya kanisa Katoliki, utafiti ulioitwa SPHERE uliunganisha mambo mawili tunayoeleza hapa: watoto walipimwa kwa Dopla ya kichwa, na wale ambao damu yao ilikimbia kupita kiasi walipewa haidroksiyurea. Mwanza si Ulaya. Ni mji wa kando ya ziwa, na watoto wake wanaumwa na mbu kama wa kwetu.

Dawa hii haitolewi kama vile vidonge vya sokoni. Ni lazima daktari aiandike kulingana na uzito wa mtoto, na damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu ikizidi inaweza kupunguza chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa.

Kipimo hiki na malaria ya kichwa

Dopla ya kichwa haiwahusu watoto wenye SS peke yao. Katika hospitali ya watoto ya Kalembe-Lembe, Kinshasa, wataalamu waliitumia kwa watoto waliopoteza fahamu kwa malaria. Waligundua kwamba watoto wanaolala kitandani wakionekana sawa hawako sawa ndani ya kichwa. Kwa mmoja damu inakimbia mno, kwa mwingine inapita kwa shida. Kazi hiyo bado ni ya utafiti, na dawa ya malaria kali ni ile ile inayotolewa kwetu. Lakini inatuonyesha jinsi chombo kidogo cha kushikwa mkononi kinavyoweza kumweleza mganga mambo ambayo jicho halioni.

Mambo ambayo kipimo hakiwezi

Hatutaki mtu yeyote akitegemee kipimo hiki kuliko inavyofaa. Kinapima mishipa mikubwa tu. Majeraha madogo ya ubongo, yale yanayomfanya mtoto asahau masomo bila kupooza, hayaonekani kwa Dopla. Yanahitaji mashini kubwa za picha. Kinategemea mkono uliofundishwa vizuri, kwa maana mpimaji akikosa pembe sahihi namba inatoka ndogo na hatari inafichika. Kwa watu wengine mfupa ni mnene na sauti haipiti. Na namba ya 200 ilipatikana kwa watoto wenye SS, haifai kwa wazee wenye presha.

Hospitali zenye mashini ya ekografi yenye Dopla, kama zile zinazotumika kuwaangalia wamama wajawazito, zinaweza kuitumia pia kwa kichwa cha mtoto, ikiwa zina kifaa cha kupimia kinachofaa na mtu aliyefundishwa. Ila namba za mashini hizo hutoka chini kidogo, na mpimaji lazima ajue hesabu hiyo. Kwa hiyo shirika linapouliza makanisa yetu lisaidie nini, tusiombe mashini peke yake. Tuombe na mafunzo ya mtu atakayebaki hapa.

Sisi wa makanisa ya mashariki tufanye nini?

Kwanza, mtoto ajulikane. Mtoto mwenye umanjano, upungufu wa damu usiokwisha au maumivu ya mara kwa mara apelekwe kupimwa. Kipimo cha Emmel kinachojulikana sana kwetu huonyesha kama damu inajikunja, lakini hakitofautishi AS na SS. Muulizeni mganga kipimo cha kuthibitisha. Siku hizi kuna vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu ya kidole.

Pili, mtoto alindwe kwa mambo yaliyopo leo. Alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, apate chanjo zote, ameze dawa anazoandikiwa, na homa yake isisubiri asubuhi.

Tatu, tujue dalili za kiharusi. Mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, maneno kuchanganyika, kichwa kuuma vikali kwa ghafla, degedege. Mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dalili zimeondoka zenyewe baada ya dakika chache. Asipewe chakula wala kinywaji, kwa sababu anaweza kupaliwa. Akiwa na degedege alazwe kwa ubavu. Asichanjwe kwa wembe. Tuombe njiani tukiwa tumembeba.

Nne, tutoe damu. Kanisa lenye vijana 20 walio tayari kutoa damu bila kusubiri ndugu yao augue, hilo limewasaidia watoto wenye SS kuliko hotuba nyingi.

Tano, tufunge midomo ya lawama. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi. Katika Yohana 9 tunaona kwamba Bwana alilikataa swali hilo, kisha akamhudumia yule mtu. Mama wa mtoto mwenye SS hakumla mtoto wake, na bibi wa mtoto hakumroga. Mchungaji akilisema hili wazi katika ibada, anaweza kuokoa saa ambazo ubongo wa mtoto hauwezi kuzipoteza. Lakini jina la mtoto lisitajwe madhabahuni bila ruhusa ya wazazi, wala vijana wenye AS wasiaibishwe. Wanaojiandaa kwa ndoa wahimizwe kupima mapema, kwa siri na kwa upole.

Kila tarehe 19 Juni dunia hukumbuka ugonjwa huu. Tunaomba kila kanisa la mahali lichague watu wawili, mmoja wa idara ya wamama na mmoja mwenye ujuzi wa afya, wazitembelee familia zenye watoto wanaougua kabla ya siku hiyo, waulize kama mtoto amepimwa na nani anamfuata, na wafikishe majibu kwa mganga wa zoni ya afya. Siku Dopla ya kichwa itakapofika karibu nasi, jambo la kwanza litakaloulizwa ni watoto wako wapi. Makanisa yawe tayari kuwaonyesha mlango wa kila nyumba.